Mto wa Chini ya Ardhi wa Puerto Princesa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu Hifadhi ya Taifa ya Mto wa Chini ya Ardhi wa Puerto Princesa, iliyoko katika kisiwa cha Palawan nchini Ufilipino. Maswali mengi huanzia pangoni na kuishia pangoni, kwa kuwa pango ndilo linalopigwa picha. Hata hivyo, karibu kila jibu litampandisha msomaji msituni juu ya mlima na kumteremsha hadi baharini, kwa sababu mto huu hauelewiki ukitengwa na msitu unaoulisha na bahari inayoupokea.

Mto huu uko wapi hasa?

Palawan ni kisiwa kirefu na chembamba, upande wa magharibi wa visiwa vya Ufilipino, na ncha yake ya kusini inaelekea Borneo. Hifadhi iko kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa, takriban kilomita 80 kutoka katikati ya jiji la Puerto Princesa, ingawa kiutawala eneo hilo lote bado limo ndani ya mipaka ya jiji hilo. Kijiji ambacho wageni hupandia mashua kinaitwa Sabang.

Unaanzia wapi na kuishia wapi?

Mto wenyewe unaitwa Cabayugan. Unachimbuka yapata kilomita mbili kusini-magharibi mwa Mlima Saint Paul, mahali penye mwinuko wa takriban mita 100 tu kutoka usawa wa bahari, kisha unazama ardhini na kupita chini ya mlima kwa zaidi ya kilomita nane. Ukishatoka kwenye kinywa cha pango, hauna safari nyingine ya juu ya ardhi: mbele yake ni wangwa mdogo, ufuko wa mchanga, na Bahari ya China Kusini, ambayo Wafilipino wa upande huu huiita Bahari ya Magharibi ya Ufilipino.

Kilomita 8.2 ndicho kipimo kinachotajwa zaidi kwa urefu wa mto. Tusichanganye kipimo hicho na urefu wa pango zima. Njia za pembeni, kumbi kavu zilizo juu ya mto na matawi yake yote yakihesabiwa, urefu uliokwisha kupimwa unazidi kilomita 24, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ya upimaji imefanywa na wavumbuzi wa mapango kutoka Italia waliokuwa wakirudi hapo tena na tena tangu miaka ya 1980. Ukumbi mmoja mkubwa sana umeitwa kwa jina lao, Chumba cha Waitalia, na ujazo wake unakadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 2.5.

Je, ni kweli kwamba huu ndio mto wa chini ya ardhi mrefu kuliko yote duniani?

Dai hilo lilirudiwa kwa miaka mingi, na bado linasomeka katika vipeperushi vya utalii, lakini si sahihi tena. Mwaka 2007 wapiga mbizi walitangaza kuwa wameunganisha mifumo mikubwa ya mapango yaliyojaa maji katika rasi ya Yucatán nchini Mexico, na mfumo huo ni mrefu kuliko huu kwa mbali. Tofauti ni kwamba kule sehemu kubwa ya njia inahitaji mitungi ya hewa, ilhali hapa mtu anaweza kukaa kwenye mtumbwi na kupigiwa kasia huku kichwa chake kikiwa kikavu.

Kwa maoni ya mwandishi, ubishi wa nani mrefu zaidi umeuficha ubora wa kweli wa mahali hapa. Ni nadra sana kuukuta mto unaopita chini ya mlima na kumwagika moja kwa moja baharini, bahari nayo ikiingia na kutoka ndani yake kila siku.

Pango lenyewe lilitokeaje?

Mlima Saint Paul, wenye kilele cha mita 1,028, umejengwa kwa mawe ya chokaa. Chokaa hicho ni mabaki ya viumbe wa baharini, kama vile matumbawe na magamba, yaliyorundikana chini ya bahari yapata miaka milioni 20 iliyopita na zaidi, yakashikana kuwa mwamba, kisha yakainuliwa na nguvu za ardhi. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji maelezo marefu hapa. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni karibu na Tanga ameona mwamba wa aina hiyohiyo ukiwa umetobolewa kwa namna hiyohiyo, ingawa mwamba wa Amboni una umri mkubwa zaidi.

Kinachotoboa ni mvua. Tone la mvua likipita angani hubeba gesi ya kaboni dioksaidi kidogo, na likipenya kwenye udongo wa msituni, ambamo mizizi na majani yanayooza yanatoa gesi hiyo kwa wingi, hubeba nyingi zaidi na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo haiwezi kumdhuru mtu, lakini hukiyeyusha chokaa polepole, kwanza kwenye nyufa nyembamba, baadaye kwenye mifereji, hatimaye kwenye vijia vikubwa vinavyoweza kuumeza mto mzima. Kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba pango hili limechimbwa na msitu: bila udongo mzito na miti juu ya mlima, maji yangefika chini yakiwa na makali kidogo mno.

Mto haukukaa kwenye kimo kimoja. Ardhi imeinuka, na bahari imepanda na kushuka kadiri barafu ya dunia ilivyoyeyuka na kuganda, na kila badiliko lilimlazimu Cabayugan kutafuta njia mpya. Ndiyo maana zipo kumbi kavu juu ya mto wa leo. Hizo ni njia zake za zamani alizozihama.

Mawe yanayoning'inia darini yanaumbwaje?

Ni kazi ileile ikifanyika kinyume. Tone lililobeba chokaa kutoka juu linapofika kwenye dari ya pango hukutana na hewa yenye kaboni dioksaidi kidogo kuliko ile ya udongoni, likaiachia gesi yake, na likishaiachia haliwezi tena kukibeba chokaa chote. Chembe ndogo hubaki darini kabla tone halijaanguka. Chembe juu ya chembe, karne juu ya karne, hutokea stalaktiti inayoning'inia. Na palipoangukia tone huinuka stalagmiti kutoka chini. Zikikutana huwa nguzo.

Mgeni anayeelekeza taa kwenye ncha ya stalaktiti hai ataona jambo hilo kwa macho yake: tone moja limening'inia, linang'aa, limejaa hadi kukaribia kudondoka, na kuzunguka ukingo wake kuna mduara mweupe mwembamba kuliko ukucha. Mduara huo ndio jiwe linalokua.

Maji ya bahari huingia mtoni?

Huingia. Sehemu ya chini ya mto hufuata kujaa na kupwa kwa bahari, na maji yake ni mchanganyiko wa chumvi na baridi. Maji yakijaa, chumvi, kwa kuwa ni nzito, huteleza chini na kusukuma kwenda ndani, ilhali maji matamu ya mvua hubaki juu yakielekea nje. Mchanganyiko wa namna hiyo una nguvu ya pekee ya kula chokaa.

Wavuvi wetu wanaojua tofauti ya bamvua na maji mafu wataelewa mara moja kwa nini waendesha mitumbwi wa hapa huangalia kwanza bahari kabla ya kuangalia mto. Kimo cha maji pangoni hupanda na kushuka kufuatana na mwezi ambao pango halijawahi kuuona.

Ni wanyama gani wanaoishi gizani humo?

Wenye nyumba ni popo na mbayuwayu wa mapangoni. Popo wanajulikana kwa kusafiri gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti zao. Lakini ni watu wachache wanaojua kwamba mbayuwayu hawa nao hufanya hivyo, wakitoa milio mifupi ya "tik-tik-tik" ambayo sikio la binadamu huisikia waziwazi. Wapo kati yao wanaojenga viota kwa mate yao yanayoganda, viota ambavyo Wachina wamevinunua kwa bei kubwa kwa karne nyingi ili kupikia supu. Mji wa El Nido, kaskazini mwa Palawan, ulipata jina lake kutokana na viota hivyo, kwa maana *el nido* kwa Kihispania ni "kiota".

Jua likikaribia kuzama, kwenye kinywa cha pango hufanyika kupokezana zamu. Mbayuwayu waliokuwa wakiwinda wadudu juu ya msitu kutwa nzima wanarudi kwa kasi, chini chini juu ya maji, na wakati huohuo popo wanatoka kwenda kuwinda usiku. Makundi mawili yanapishana kwenye lango moja.

Zamu hizo ndizo zinazolisha pango. Gizani hakuna mmea unaoweza kuota, kwa hiyo chakula lazima kitoke nje. Kinachokileta ni samadi ya popo na ndege: wadudu huila, buibui huwala wadudu, na kinachodondokea majini huwafikia kaa na samaki. Msitu ukikatwa, wadudu wa kuwindwa wakapungua, njaa itafika hadi kwenye ukumbi wa ndani kabisa ambao jua halijapata kuufikia.

Nimesikia kuna nguva ndani ya pango. Ni kweli?

Yumo, lakini ni jiwe. Katika ukuta wa pango kuna mbavu na vipande vya uti wa mgongo vya mnyama wa jamii ya nguva, aliyekufa yapata miaka milioni 20 iliyopita katika bahari ya kina kifupi na kufunikwa na matope ya chokaa. Mto ulipoukata mwamba, ulimkuta humo. Maji huyeyusha chokaa kinachomzunguka kwa haraka kuliko mifupa iliyogeuka jiwe, ndiyo sababu mifupa hiyo imejitokeza ukutani badala ya kulika pamoja nao.

Nguva wa leo, ambao bado wanaonekana kwa nadra katika pwani za Afrika Mashariki na pia katika bahari ya Palawan, ni jamaa za mnyama huyo. Kama kungekuwa na nafasi ya kumwonyesha mgeni kitu kimoja tu katika hifadhi hii nzima, mwandishi angechagua mbavu hizo, kwa kuwa ndizo zinazothibitisha bila maneno mengi kwamba mlima huu ulikuwa sakafu ya bahari.

Juu ya ardhi kuna nini?

Kuna mengi, na wengi huyapita mbio. Tangu vilele vya chokaa hadi mikoko ya ufukweni, hifadhi ina aina nane kati ya aina kumi na tatu za misitu zinazotambuliwa katika Asia ya tropiki. Mimea iliyoorodheshwa inazidi spishi 800, na kati yake karibu 300 ni miti. Ndege waliorekodiwa ni spishi 165, wakiwemo wote 15 ambao ni wa Palawan pekee. Yupo hondohondo wa Palawan, yupo kakatua mweupe wa Ufilipino ambaye yuko hatarini kutoweka, na yupo tausi mdogo wa Palawan, ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayometa, na ambaye ni bahati kubwa kumwona.

Mgeni asiye na bahati hiyo hatakosa kuwaona kima wenye mikia mirefu na kenge wakubwa kwenye ufuko ulio karibu na kinywa cha pango. Wamezoea watu kupita kiasi. Kima humpokonya mtu mfuko wa plastiki mkononi kwa sababu wamejifunza kwamba ndani yake kuna chakula, na waliowafunza ni wageni waliotangulia. Tafadhali usiwalishe.

Watu wa asili wa eneo hili ni nani?

Ni Watagbanua na Wabatak, jamii ambazo zimeishi Palawan tangu kale na ambazo bado zina makazi na haki za ardhi ya jadi katika eneo la hifadhi. Watagbanua wana mwandiko wao wenyewe wa jadi. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba pango lilikuwa na mwenyewe, yaani roho aliyekaa humo, na kwa hiyo watu hawakuingia ovyo. Ni vizuri kukumbuka jambo hili kila mara tunapokuta imeandikwa kwamba pango "liligunduliwa" na fulani: lilikuwa likijulikana, na likiheshimiwa, kabla ya wageni kulipa jina la mtakatifu. Jina la Saint Paul lenyewe, inasimuliwa, lilitoka kwa mabaharia Waingereza wa karne ya 19 ambao waliuona mlima ukifanana na kuba la kanisa kuu la Saint Paul la London.

Hifadhi ilianzishwa lini, na inasimamiwa na nani?

Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1971, ikiwa na hekta 3,901 tu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 usimamizi wake umekuwa mikononi mwa serikali ya jiji la Puerto Princesa, jambo lisilo la kawaida, kwani hifadhi za taifa kwa desturi husimamiwa na serikali kuu. Mwaka 1999 UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka huohuo mipaka ilipanuliwa hadi hekta 22,202. Mwaka 2012 ikaongezwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Upanuzi wa mwaka 1999 haukupigiwa makofi kama zile hadhi nyingine, lakini ndio uamuzi wenye uzito zaidi. Mipaka ya kwanza ililizunguka pango tu. Maji yanayoingia pangoni yanakusanywa katika bonde la Cabayugan, ambako kuna mashamba na makazi, na tope linaloteremka kutoka kwenye mteremko uliofyekwa litaingia pangoni bila kuuliza mpaka uko wapi. Kulinda pango bila kulinda bonde ni sawa na kufunika mtungi huku ukiuchafua mto wa kuchotea.

Ndiyo moja ya Maajabu Saba Mapya ya Asili?

Ndiyo, kwa matokeo ya awali yaliyotangazwa Novemba 2011 na kuthibitishwa Januari 2012. Wasomaji wa Tanzania watalikumbuka shindano hilo, kwani Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa vivutio 28 vya mwisho na watu walihimizwa kuipigia kura. Tusilichanganye na Urithi wa Dunia: lile lilikuwa shindano la kura za umma kupitia intaneti na simu, lililoendeshwa na taasisi binafsi, ilhali Urithi wa Dunia hutokana na mkataba wa mataifa na tathmini ya wataalamu. Wafilipino wameuenzi mto wao pia kwenye fedha. Picha yake iliwekwa nyuma ya noti ya peso 500 katika toleo lililoanza mwaka 2010.

Mgeni hufikaje, na huona kiasi gani?

Kutoka Manila kuna ndege hadi Puerto Princesa, kisha barabara ya saa mbili au zaidi hadi Sabang. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, kwa hiyo kibali hutafutwa mapema na si siku ileile. Kutoka gati la Sabang husafiri kwa *bangka*, yaani mashua ya Kifilipino, kwa takriban dakika 20 hadi ufuko wa hifadhi.

Itazame bangka hiyo kwa makini kabla ya kupanda. Ina matengo pande mbili, kama ngalawa zetu za Zanzibar na Lamu, na mfanano huo una historia: mashua za matengo zilienezwa na mabaharia wa jamii za Austronesia, ambao upande mmoja walijaza visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na upande mwingine walivuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska.

Kutoka ufukweni ni mwendo mfupi wa miguu msituni, kisha mtumbwi wa makasia, kofia ngumu, jaketi la kujiokolea, na mwongozaji anayeshika kasia. Ziara ya kawaida huingia kilomita 1.5 na kurudi, kwa dakika 45 hivi. Kwenda mbali zaidi, hadi kilomita nne na kidogo, kunahitaji kibali maalumu.

Ni msimu gani unaofaa?

Anayejua kusi na kaskazi tayari ana nusu ya jibu. Ufilipino una pepo zake mbili za msimu, *habagat* ya kusini-magharibi na *amihan* ya kaskazini-mashariki, nazo zina asili moja na zetu, kwa kuwa zote zinavutwa na bara la Asia linavyopata joto na kupoa. Pwani ya Sabang inaikabili habagat uso kwa uso, hivyo kati ya Juni na Oktoba bahari huchafuka, mvua huujaza mto, na safari husimamishwa bila taarifa ndefu. Machi hadi Mei ndiyo miezi tulivu zaidi. Vimbunga vikubwa si vya kila mwaka Palawan, lakini hutokea. Kimbunga Rai, ambacho Wafilipino walikiita Odette, kilipiga Desemba 2021 na kuangusha miti mingi, na hifadhi ikalazimika kufungwa.

Kwa nini haturuhusiwi kugusa mawe wala kuongea?

Mafuta ya ngozi ya binadamu hubaki juu ya jiwe, na maji yenye chokaa hayashiki tena vizuri mahali hapo. Jiwe huacha kukua, kisha hugeuka jeusi. Kuhusu sauti, sababu ni kwamba wanyama wa humo wanaishi kwa masikio. Ndiyo maana wageni hupewa vifaa vya kusikilizia maelezo masikioni, badala ya mwongozaji kupaza sauti. Taa nayo isielekezwe kwa popo waliolala.

Mwongozaji atakuonya pia ufunge mdomo unapotazama juu. Onyo hilo lizingatiwe, maana yanayodondoka kutoka darini si maji peke yake.

Mtu anayeogopa giza au nafasi finyu anaweza kwenda?

Mara nyingi anaweza, kwa kuwa dari katika sehemu ya ziara ni ya juu na kumbi ni pana kuliko wengi wanavyotarajia. Kinachowashtua watu ni giza linavyoingia. Mwanga wa mchana haukatiki ghafla. Baada ya kona ya kwanza maji hubadilika kutoka kijani kuwa kijivu, kasia linaanza kutoa mwangwi, hewa inakuwa ya baridi yenye harufu kali ya samadi, na mtu akigeuka nyuma hulikuta lango limebaki alama ndogo ya mwanga. Mwenye wasiwasi amweleze mwongozaji kabla ya kupanda, na aombe kuketi karibu naye.